Gari la Mkurugenzi Limetulia

Ninayo heshima, kwa niaba ya Idara, kuutangazia umma kwamba tangu mvua za mwaka huu zianze kunyesha, hakuna gari hata moja la serikali lililokwama. Mwaka jana yalikwama mengi. Yalikwama mabondeni, yalikwama mbele ya hospitali, na moja lilikwama ndani ya gereji likisubiri kutengenezwa. Mwaka huu hakuna. Wenye wivu watauliza tumeleta mashine gani mpya. Hatukuleta mashine yoyote. Tulifuta neno.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi wetu mwenyewe, ambaye sisi watumishi humwita Mwelekeo, kwa mapenzi, akiwa hayupo. Alituambia kikaoni kwamba neno "kukwama" linashusha ari ya kazi. Mtu akisema amekwama, alisema, anakwama kweli. Tukaazimia kwamba gari la serikali likizama topeni hadi milangoni litaandikwa kuwa "limetulia". Idara yetu, ambayo hadi siku hiyo iliitwa Idara ya Ukwamuaji, ikapewa jina la Idara ya Utulivu wa Magari. Mabango yakabadilishwa. Matope hayakubadilishwa, kwa kuwa hayako chini yetu.

Wananchi waliachiwa neno lao. Wao hawana waraka, na tuliona si haki kuwanyima kila kitu kwa mpigo. Kwa kuwahurumia, Idara ikawanunulia mkanda.

Naomba nieleze kidogo, maana watu hudharau wasichokijua. Mkanda wa kunasulia magari si kamba ya kufungia mbuzi. Ni mkanda mpana wa nailoni, mnene, wenye kitanzi kila ncha, na unavutika kidogo kama mpira. Gari linalovuta likiondoka, mkanda hunyooka kwanza, kisha hurudi na nguvu zake, na nguvu hizo ndizo zinazong'oa gari topeni. Nguvu hizo hizo, ukizikosea adabu, zinaweza kung'oa kichwa cha mtu. Nayajua haya kwa sababu mimi ni Katibu wa Kamati ya Mkanda, na Mwongozo wa Mkanda nimeuandika mimi. Niliutoa kwenye michoro iliyokuwa juu ya mfuko wake, nikaongeza dibaji, utangulizi, shukrani, na picha ya Mkurugenzi akitazama mbali.

Kilichobaki kilikuwa uzinduzi. Kila anayejua kazi anajua kwamba kitu cha serikali hakitumiki kabla ya kuzinduliwa, na kwamba kuzindua ni kukata utepe. Lakini mjumbe mmoja akatukumbusha waraka uliotutaka sote tujifunge mikanda katika matumizi, na utepe ni matumizi. Ndipo Afisa Itifaki, mtu mwembamba anayevaa tai hata akienda kunyolewa, akatoa wazo lililopigiwa makofi. Kwa nini tununue utepe na tunao mkanda? Tuufunge mkanda wenyewe kukatisha barabara, Mkurugenzi aukate, na uzinduzi uwe umekamilika.

Niliuliza, kwa sauti ya kiasi, mkanda uliokatwa katikati utavuta gari vipi. Nikajibiwa kwamba hilo ni suala la utekelezaji, na tulichokuwa tukijadili ni uzinduzi. Nikaridhika na jibu hilo. Nina watoto.

Siku ikafika. Usiku kucha mvua ilikuwa imenyesha, asubuhi jua likatoka kwa hasira. Barabara kuu mbele ya ofisi zetu tuliifunga kwa mkanda, nguzo hadi nguzo, na katikati tukaupiga fundo lenye umbo la ua. Upande wa pili wa mkanda kulikuwa na hema, zulia jekundu, na bendi iliyoagizwa ipige mara gari la kwanza litakapopita. Waziri alikuwa amekwisha kuketi. Amri ilikuwa wazi: gari lolote lisipite hadi mkanda ukatwe. Magari yote tuliyaelekeza kwenye uchochoro wa nyuma ya kinu cha unga, ambao hupitika vizuri sana wakati wa kiangazi.

Kati ya waliofika hapo kwenye mkanda alikuwemo Mama Matenga. Huyu ni mwuza nyanya wa jumla, ana lori lake na analiendesha mwenyewe. Pia ni mama mzazi wa mke wangu na mwenye nyumba ninayoishi.

"Mkwe," aliniita kutoka dirishani, "huo mkanda unafanya nini barabarani?"

"Unasubiri kukatwa, mama."

"Ukatwe kwa nini?"

"Ili uanze kazi."

Akanitazama kama alivyonitazama siku nilipokwenda kuposa.

"Sikiliza, mwanangu. Nyanya hizi zimeiva zote kwa pamoja. Shamba zima liko humu, sina jingine hadi msimu ujao. Jua hili likizikalia mpaka mchana, nitakuwa nauza supu."

"Pita uchochoroni, mama. Ni mara moja tu."

Nilisema hivyo kwa roho safi. Wala sikujua kwamba muda huo huo Mkurugenzi alikuwa anatoka kwake, na kwake ni upande ule ule aliokuwa Mama Matenga, si upande wa hema. Gari lake jeusi, la chini chini, linalong'aa mpaka unajiona meno, likafika kwenye mkanda. Afisa Itifaki akalisimamisha.

"Mkuu, barabara imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na wewe, mkuu."

Mkurugenzi alifurahi sana. Alisema hivyo ndivyo nidhamu inavyotakiwa, kwamba amri haijui sura, kisha akamwambia dereva wake akate kona kuelekea kinuni. Lori la Mama Matenga lilikuwa limeshafika mdomoni mwa uchochoro. Lakini itifaki inasema gari lisimtangulie Mkurugenzi, kwa hiyo honi ikapigwa, lori likasogezwa pembeni, na Mkurugenzi akaingia wa kwanza. Kama kuna mtu alistahili kuwa wa kwanza kuingia kwenye tope lile, basi kwa mujibu wa kanuni zote alikuwa yeye.

Haukupita muda simu yangu ikalia. Alikuwa dereva wake.

"Katibu, tumetulia."

"Mmetulia wapi?"

"Hapa katikati, nyuma ya kinu."

"Mmetulia sana?"

"Mpaka milangoni."

Nilikwenda mbio. Uchochoro ule una ukuta wa kinu upande mmoja na ukuta wa bohari upande wa pili, magari mawili hayapishani. Gari jeusi lilikuwa limekaa kitako katikati ya tope kama kiboko aliyeshiba. Nyuma yake lilisimama lori la Mama Matenga, matenga yakiwa yamepangwa hadi juu, jua likiyapiga bila huruma.

"Mkwe, kuna gari limekwama mbele yangu."

"Limetulia, mama."

"Matairi hayaonekani."

"Ni utulivu wa kina."

Mama hakucheka. Mimi pia sikuwa natania, nilikuwa nanukuu.

Afisa Itifaki naye akafika, ameshika viatu mkononi na tai ameitupia begani. Tukakaa kikao cha dharura tukiwa tumesimama. Hali ilikuwa hivi. Mkanda ni kwa ajili ya magari yaliyokwama, na gari la Mkurugenzi halikuwa limekwama, lilikuwa limetulia. Hata kama lingekuwa limekwama, mkanda haujazinduliwa. Kuuzindua kunamhitaji Mkurugenzi, na Mkurugenzi ametulia. Niliona wazi kwamba taratibu zetu zilikuwa zinafanya kazi kikamilifu, zote kwa wakati mmoja.

Dereva akaona ajaribu bahati. Akakanyaga mafuta. Matairi yakazunguka papo hapo, tope likaruka juu, na sehemu kubwa yake ikaishia kwenye tai ya Afisa Itifaki. Gari likazama zaidi.

"Acha," nilimwambia. "Mwongozo unasema ukizungusha matairi unajichimbia kaburi."

Kioo cha nyuma kikashuka kidogo, ukatokea uso wa Mkurugenzi.

"Katibu, mwelekeo ukoje?"

"Chini, mkuu."

Kioo kikapanda.

Basi Mama Matenga akashuka kutoka kwenye lori. Alikuja polepole, tope likimfika kwenye vifundo vya miguu, akagonga kioo kwa kidole kimoja. Nilitamani ardhi inimeze, na kwa jinsi ardhi ile ilivyokuwa, lilikuwa jambo linalowezekana.

"Shikamoo, mama," alisema Mkurugenzi, ambaye ni mtu wa malezi mema.

"Marahaba, baba. Umekwama?"

"Nimetulia, mama."

"Na nyanya zangu zimetulia. Zikitulia zaidi kidogo zitaanza kutoa maji. Sema tu umekwama, huyu mkwe wangu akalete ule mkanda wake."

"Mama yangu, mtu wa nafasi yangu hawezi kutamka neno hilo. Nimelifuta kwa mkono wangu."

"Si mkono huo huo unaweza kuliandika upya?"

"Linahitaji kikao."

Mama akarudi, akakaa kwenye ngazi ya lori lake, akajifunika kichwa na gunia. Hakusema neno. Nawajua wanawake wa ukoo ule. Wakinyamaza, ujue mambo yamefika pabaya. Nikasogea karibu na lori. Harufu ya nyanya zinazopata joto ilikuwa imeanza kutoka, na kwenye ubao wa chini nikaona tone jekundu likikusanyika, likaning'inia, likaanguka. Hapo niliingiwa na uchungu wa kweli. Nyanya zile nilikuwa nimeziona zikipaliliwa. Mke wangu alizichuma na mama yake tangu kulipopambazuka, na mimi nilikuwa nyumbani nikifanyia mazoezi hotuba ya kumkaribisha Mkurugenzi.

"Mama, pole."

"Pole haiuziki sokoni, mwanangu."

Wakati huo simu ikalia ndani ya gari. Maji ya tope yalikuwa yamekwisha kupenya milangoni, na Mkurugenzi alikuwa ameinua miguu yote miwili, viatu kavishika mkono huu, koti la sherehe kalishika mkono ule. Ilibidi dereva amshikie simu. Dereva yule ni mwaminifu, lakini vidole vyake ni vinene. Akagusa mahali pasipotakiwa, sauti ya Waziri ikasikika uchochoro mzima.

"Uko wapi wewe? Bendi imerudia wimbo ule ule mpaka wageni wameukariri."

"Niko njiani, mheshimiwa. Nimetulia."

"Umetulia?"

"Kabisa, mheshimiwa. Nimetulia."

"Sisi tunachomwa na jua hapa, wewe umetulia?"

"Si kutulia huko, mheshimiwa. Ni kutulia kwa mujibu wa waraka."

"Waraka upi unaomruhusu mtu kutulia saa za kazi? Sikiliza. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na jibu lako nitalifanyia kazi leo leo. Umetulia, au una tatizo?"

Afisa Itifaki alitazama ukuta. Mimi nilitazama tone lingine likikusanyika kwenye ubao wa lori. Mkurugenzi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Mheshimiwa," alisema, "nimekwama."

"Sikusikii."

"Nimekwama, mheshimiwa. Nimekwama kabisa. Siendi mbele, sirudi nyuma."

"Si ungesema tangu mwanzo? Mkwamueni huyo."

"Haya," alisema Mama Matenga, akaondoa gunia kichwani. "Kumbe halichomi ulimi."

Nilirudi barabarani nikitimua mbio ambazo cheo changu hakiruhusu. Afisa Itifaki alinifuata akilalamika kwamba mkanda haujazinduliwa. Nikamwambia Mkurugenzi amekwama, kasema kwa kinywa chake, na shahidi ni Waziri. Tulifungua lile fundo letu zuri la ua, kwa kucha na kwa meno, maana mkanda wa aina hii haupigwi fundo, fundo linaudhoofisha. Nikaupitisha wote mkononi, kitanzi hadi kitanzi, nikitafuta mchubuko. Kamba hukatikia pembamba, na huu ukikatika hauanguki tu, unaruka. Ulikuwa mzima. Nguzo zikabaki mbili zimesimama, katikati hakuna kitu. Sikulitilia maanani hilo wakati ule.

Uchochoroni tulianza kwa jembe tuliloazima kinuni. Watu hawaamini, lakini nusu ya kazi ya mkanda ni jembe. Tulichimba tope lililobana matairi, tukapunguza upepo kidogo kwenye matairi yote ili yakanyage kwa upana. Afisa Itifaki aliuliza upepo huo wa serikali unatoka kwa idhini ya nani. Nikamwambia utarudishwa.

Likaja suala la mwelekeo. Mbele hapakuwa na gari la kuvuta, na hata kama lingekuwepo, lisingeruhusiwa kumtangulia Mkurugenzi. Nyuma lilikuwepo lori la Mama Matenga. Njia nyepesi ya kutoka topeni huwa ni ile uliyoingilia. Nilikwenda dirishani kuomba kibali.

"Tunaelekea wapi, Katibu?"

"Nyuma, mkuu."

Akafumba macho. Huyu ni mtu aliyetuandikia ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba Idara hairudi nyuma.

"Andika," alisema, "kwamba tunasonga mbele kuelekea tulikotoka."

"Nitaandika, mkuu. Na Mwongozo unataka abaki dereva peke yake garini. Itabidi ushuke."

"Hapa?"

"Hapa, mkuu."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Alivaa viatu, akashuka, akapiga hatua, na kiatu kimoja kikabaki topeni. Kwa kuwa kilikuwa kiatu cha mkurugenzi, tuliamua kwamba kimetulia.

Afisa Itifaki akachukua kitanzi cha mkanda, akataka kukivisha kwenye kile kibonge cha chuma kinachong'aa nyuma ya gari, kwa sababu ndicho kilichokuwa kizuri zaidi machoni.

"Hapo hapana," nilimwambia. "Hicho ni cha kuvutia tela. Kikikatika kitaruka kama risasi, na kitamfuata aliyekifunga."

Akakiachia haraka. Kulabu ya kweli, ile iliyoshikana na chesisi, yaani uti wa mgongo wa gari, ilikuwa chini, ndani ya tope. Sikuwa na wa kumtuma, maana dereva alikuwa kwenye usukani, na wote waliobaki walikuwa wakubwa zangu, ukiondoa mama mkwe, na yeye ndiye mkubwa kuliko wote. Nikalala chali na suti yangu ya uzinduzi, nikaipapasa kulabu mpaka nikaipata, nikaivisha kitanzi. Nakiri nilijisikia mtu wa maana pale chini kuliko nilivyowahi kujisikia kwenye kiti changu.

Ncha ya pili tuliifunga kwenye kulabu ya mbele ya lori. Mkanda ukalala chini, umelegea.

"Umelegea," alisema Afisa Itifaki. "Idara haiwezi kuonekana imelegea. Kuna waraka wa kukaza mikanda."

"Huu lazima ulegee kidogo, ndiyo upate nafasi ya kunyooka. Na juu yake, katikati, panatakiwa kitu kizito, blanketi au koti, ili ukikatika uanguke chini usiruke."

Tukatazamana. Koti langu lilikuwa limelowa tope, lakini lilikuwa jepesi, la mtumba. La Afisa Itifaki alikuwa ameliacha kwenye hema. Taratibu, bila mtu kuagizwa, macho yote yakaelekea kwenye koti la sherehe la Mkurugenzi, lenye bitana mbili, vifungo vya shaba na nishani ya Utulivu Bora aliyojitunuku mwezi uliopita. Koti lilikuwa zito kupita kiasi. Alilitoa mwenyewe, akanipa bila kunitazama.

"Nishani itoke?" niliuliza.

"Inaongeza uzito?"

"Inaongeza, mkuu."

"Basi iache."

Wakati huo wageni kutoka kwenye hema walikuwa wameanza kumiminika, wamechoka na wimbo. Walijipanga kando ya mkanda kwa vyeo, mwenye cheo kikubwa karibu zaidi. Niliwaomba warudi nyuma, umbali unaopita urefu wa mkanda wenyewe. Hakuna aliyesogea. Wengi wao ni wa Idara yetu, hawarudi nyuma. Nikawaomba wasonge mbele kuelekea mwisho wa ukuta. Wakaenda wote, kwa heshima, na yeyote aliyetaka kuuruka mkanda nilimzungusha upande wa pili.

Mama Matenga alikuwa ameshapanda lori. Mkurugenzi alinyoosha mkono kuashiria aondoke. Afisa Itifaki alipunga mkono kuashiria asubiri. Mgeni mmoja alipiga mluzi.

"Mkwe," alisema Mama Matenga, "nakutazama wewe tu. Hao wengine nitachukulia wanafukuza nzi."

Kwa kweli ndivyo Mwongozo unavyosema, kwamba atoe ishara mtu mmoja. Lakini kwenye Mwongozo niliandika "afisa mwenye dhamana". Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba siku moja mama mkwe atasema afisa huyo ni mimi. Nilinyoosha mkono.

Nikaushusha. Lori likarudi polepole, halikukurupuka. Mkanda ukainuka kutoka topeni, ukanyooka, koti la Mkurugenzi likapanda nao, mikono yake ikining'inia. Kwa muda kidogo hakuna kilichotokea. Kisha tope likatoa sauti ambayo watu wazima hawaizungumzii, na gari jeusi likang'oka, likaja kinyumenyume kama kaa, dereva akishikilia usukani kwa macho yaliyofumbwa.

Tulitoka uchochoroni kwa mpangilio huu: lori mbele, likirudi nyuma, gari la Mkurugenzi likifuata, likirudi nyuma, na Mkurugenzi mwenyewe kwa miguu, kiatu kimoja. Afisa Itifaki aliniuliza, akiwa na hofu ya kweli, kama lori halijamtangulia Mkurugenzi. Nikamwambia liko nyuma ya gari lake, angalia lilipofungwa. Akatazama, akaridhika, akasema itifaki imezingatiwa.

Barabarani nilifungua mkanda. Mama Matenga akageuza lori likatazama sokoni. Akachungulia mbele.

"Mkwe, mbona barabara iko wazi?"

Nikatazama nguzo. Ilikuwa wazi kweli. Mkanda uliokuwa umeifunga ulikuwa umelala begani kwangu.

"Gari lolote lisipite hadi mkanda ukatwe," alisema Afisa Itifaki.

"Mkanda uko wapi?" aliuliza Mama Matenga.

Hakungoja jibu. Akaingiza gia, lori likapita katikati ya nguzo, likapanda juu ya zulia, na bendi, kama ilivyoagizwa kuhusu gari la kwanza, ikapiga kwa nguvu zote. Waziri alisimama. Wageni waliobaki nao wakasimama. Mama Matenga akawapungia mkono, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akaendelea na safari yake. Matone ya nyanya yaliyodondoka kwenye zulia jekundu hayakuonekana, na yalikuwa machache. Nyanya za matenga ya juu tu ndizo zilizokuwa zimelegea.

Mkurugenzi alifika jukwaani bila koti. Tuliuweka mkanda mezani, umejaa tope, akakabidhiwa mkasi juu ya mto wa hariri. Aliushika mkasi, akautazama mkanda kwa muda mrefu, kisha akageuka akalitazama gari lake jeusi pembeni mwa barabara, likivuja maji.

"Huu," alisema, "tusiukate."

Hiyo ndiyo kauli fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na ndiyo pekee niliyowahi kuipigia makofi kwa hiari yangu. Lakini Afisa Itifaki akanong'ona kwamba pasipokatwa kitu hapana uzinduzi. Mkurugenzi akafikiri. Akamsogelea, akaishika ile tai yenye tope, akaikata katikati. Watu wakashangilia. Mkanda umezinduliwa rasmi, na Afisa Itifaki siku hizi anakwenda kunyolewa bila tai.

Bila shaka Idara haikuliacha jambo hilo lipite hivi hivi. Tulikaa kikao. Mkurugenzi alieleza kwamba amejifunza kwa uzoefu kuwa neno "kukwama" ni neno zito, lenye nguvu za kumfanya hata waziri atoe msaada hapo hapo, na kwamba halifai kuachwa ovyo mikononi mwa kila mtu. Likapitishwa. Waraka mpya unasema neno hilo limerejeshwa, lakini kuanzia sasa litatumika kwa maofisa wa ngazi ya mkurugenzi na kuendelea. Wananchi na watumishi wa kawaida hawaruhusiwi kukwama.

Jioni nilimpelekea Mama Matenga habari hizo. Alikuwa uani, anachambua nyanya laini alizobakiza kwa ajili ya nyumbani. Nilimsomea waraka mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani namtania.

"Kwa hiyo kukwama ni kwa wakubwa tu."

"Ndivyo ilivyoamuliwa, mama."

"Na waziri?"

"Na waziri."

"Na sisi hata tukitaka haturuhusiwi."

"Ni kosa kabisa."

Akachagua nyanya moja nzuri, akaifuta kwa kiganja, akanipa.

"Mwambie bosi wako nimemshukuru," alisema. "Wao wakwame. Sisi tutapita."